Nakala Isiyofunguliwa Si Amana Iliyohifadhiwa

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. 

Wiki hii tumeonelea tuzungumze juu ya makaratasi ya nyumbani na namna ya kuyahifadhi ndani ya kompyuta. Huenda msomaji akauliza: sheikh na kompyuta wapi na wapi? Jibu letu ni kwamba mazungumzo haya si ya kompyuta peke yake. Ni mazungumzo ya haki za wajane, mirathi ya mayatima na madeni ya marehemu, na hayo ni mambo ambayo sheria yetu imeyatilia mkazo mkubwa. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, ni aya ya kuandika deni. Mwenyezi Mungu ametufundisha kuandika, kuweka mashahidi, na kutochoka kuandika liwe deni dogo au kubwa. Basi kilichokwisha kuandikwa nacho chataka kutunzwa, kwani maandishi yaliyopotea hayamsaidii mtu siku ya dai.

Katika kila nyumba, tangu Tiwi hadi Vanga, pana mahali pa makaratasi: kasha, mkoba wa zamani, au mfuko wa plastiki chini ya godoro. Humo mna cheti cha ndoa, karatasi ya talaka kwa aliyeachwa, vyeti vya watoto vya kuzaliwa, hati ya shamba, makubaliano ya kuuza minazi, risiti za karo, na pengine waraka wa wakfu ulioandikwa na babu kwa ajili ya msikiti wa mtaa. Mara nyingi mwenye ufunguo wa kasha hilo ni mama. Baba huenda baharini au kazini, naye mama ndiye anayejua kilipo kila kitu.

Na adui wa kasha hilo tunawajua. Mchwa hawabagui hati miliki na gazeti kuukuu. Hewa ya chumvi na unyevu wa masika hugeuza karatasi ikawa laini kama kitambaa, na wino ukafifia. Nyumba ya makuti ikishika moto, watu huwahi kuwatoa watoto na wazee, na hivyo ndivyo inavyopasa, kasha huachwa. Na ndugu zetu wa Vanga wanajua mto Umba unapofurika huwa hautoi nafasi ya kupanga mizigo.

Kwa sababu hiyo vijana wengi wamewapigia wazazi wao picha za hati kwa simu, na hilo ni jambo jema. Lakini twaona familia nyingi zikiishia hapo, zikidhani amana imekwisha kuhifadhiwa. Simu nayo huanguka majini pale Gazi, huibwa kwenye matatu pale Ukunda, au huharibika tu siku moja isiwake tena. Wengine husema, "Tulizituma katika kundi la familia la WhatsApp." Lakini WhatsApp, isipoambiwa vinginevyo, hupunguza ubora wa picha ili isafiri kwa wepesi, na huenda nambari ndogo ya hati isisomeke tena. Anayetaka picha ifike kama ilivyo na aitume kwa njia ya waraka, si kwa njia ya picha.

Neno letu la leo ni moja: nakala ambayo haijafunguliwa na kulinganishwa na asili yake bado ni dhana tu, na dhana haimtoshi yatima.

Neno hili si geni katika dini yetu. Wanazuoni wa hadithi walikuwa na kazi waliyoiita muqabala, yaani kukilinganisha kitabu kilichonakiliwa na kile kilichonakiliwa kutoka kwake, neno kwa neno. Imepokewa kwamba Urwa bin Zubayr, mtoto wa Bibi Asmaa binti Abubakar, alimwuliza mwanawe Hisham kama ameandika. Hisham akajibu kwamba ameandika. Akamwuliza kama amelinganisha maandishi yake. Alipojibu kuwa hakulinganisha, baba yake akamwambia kwamba basi ni kama hakuandika. Huo ndio uliokuwa msimamo wa wakubwa wetu: kazi ya kunakili haikamiliki mwandishi anapoweka kalamu chini, hukamilika anapokwisha kulinganisha.

Na walio bora kuliko hao wametuachia mfano mkubwa zaidi. Baada ya vita vya Yamama, ambamo wengi waliohifadhi Qur'ani waliuawa, Sayyidna Umar alimshauri Sayyidna Abubakar ikusanywe mahali pamoja. Zayd bin Thabit akapewa kazi hiyo, akakusanya kutoka katika maandishi na kutoka vifuani mwa watu. Kurasa zile zikakaa kwa Abubakar mpaka alipofariki, kisha kwa Umar mpaka alipofariki, kisha kwa Bibi Hafsa binti Umar, mama wa waumini, Mwenyezi Mungu awe radhi nao wote. Sayyidna Uthman alipotaka kunakili misahafu, alituma kwa Bibi Hafsa kuziomba kurasa zile kwa ahadi ya kuzirejesha. Zikanakiliwa, akarejeshewa zake, na nakala zikapelekwa pande mbalimbali za dola ya Kiislamu.

Hatulinganishi karatasi zetu na Kitabu cha Mwenyezi Mungu, hasha. Twachukua adabu tu. Ya kwanza ni kwamba mtunzaji aliyeaminiwa na umma mzima alikuwa mwanamke. Ya pili ni kwamba asili ilirudi kwa mwenyewe baada ya kunakiliwa. Ya tatu ni kwamba nakala hazikuwekwa zote mji mmoja.

Sasa tutazame tukio la zama zetu, linalogusa pwani yetu wenyewe. Msikiti wa Riyadha wa Lamu, ulioasisiwa na Habib Swaleh, una hazina ya vitabu vilivyoandikwa kwa mkono. Vitabu hivyo vilipigwa picha za kidijitali chini ya mpango wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini unaoendeshwa na British Library, maktaba kuu ya taifa ya Uingereza iliyoko London. Kanuni ya mpango huo ni nzuri: vitabu asili havitoki nchini mwake, nakala moja ya picha hubaki katika nchi hiyo, na nyingine huwekwa London, ambako mtu yeyote duniani huweza kuisoma kwa intaneti.

Tarehe 28 Oktoba 2023 wahalifu wa mitandao wanaojiita Rhysida waliishambulia maktaba hiyo. Waliiba mamia ya gigabaiti za taarifa, wakaharibu mitambo, na wakadai fidia. Maktaba ilikataa kulipa. Kwa miezi mingi msomaji aliyetaka kuzifikia picha za kidijitali za maktaba ile, zikiwemo zile za mpango huo, hakuweza kuzipata. Na hapa ndipo penye funzo. Katika ripoti iliyotolewa Machi 2024, maktaba yenyewe ilieleza kwamba nakala salama za makusanyo yake ya kidijitali ilikuwa nazo. Kilichoikwamisha ni kukosa mitambo iliyo tayari, ambayo juu yake nakala hizo zingerejeshwa. Yaani amana ilikuwepo, lakini njia ya kuirejesha ndiyo iliyokatika.

Wakati huo wote vitabu vyenyewe vya Lamu vilikuwa mahali pake, Lamu. Hii ndiyo faida ya kutoweka kila kitu penye kapu moja. Na kama maktaba yenye wataalamu na bajeti ya taifa kubwa yaweza kukwama katika kurejesha, je, familia ya Msambweni yenye kompyuta moja na flashi moja isijifunze?

Tuje basi kwenye chombo. Zipo programu nyingi za kuhifadhi mafaili, nyingine za kulipia, nyingine zenye picha na vitufe vya kupendeza. Sisi tutataja moja ya zamani, isiyolipiwa, ambayo huenda imo tayari katika kompyuta yenu bila ya ninyi kujua. Jina lake ni tar. Ilitoka mwaka 1979 pamoja na toleo la saba la mfumo wa Unix, uliotengenezwa katika maabara za Bell huko Marekani. Jina lake latokana na kanda za sumaku, ambazo ndizo zilizotumika wakati huo kuhifadhia. Kanda zimepita, chombo kimebaki. Kimo katika kompyuta za Linux, zile ambazo baadhi ya shule na vyuo vyetu vinazo, kimo katika kompyuta za Apple, na tangu mwaka 2018 kimo pia katika Windows.

Kazi yake ni rahisi kuelewa kwa mama yeyote aliyewahi kufunga safari. Nguo nyingi hutandikwa juu ya kanga, pembe zikafungwa, likawa furushi moja la kubebwa. Tar hufanya hivyo kwa mafaili: huyachukua yote yaliyomo katika folda, pamoja na majina yake, tarehe zake na mpangilio wake, ikayafunga kuwa faili moja. Badala ya kunakili picha mia mbili moja moja na kusahau kumi, unanakili furushi moja.

Chombo hiki hakina vitufe. Huandikiwa amri kwa herufi, katika dirisha jeusi ambalo wengi huliogopa. Lisituogopeshe. Aliyejifunza kusoma alifu kwa kijiti, akatofautisha nukta moja ya baa na nukta mbili za taa, hashindwi na amri ya maneno matatu. Na amri iliyoandikwa ina fadhila yake: yaweza kunakiliwa katika daftari, ikawekwa kashani pamoja na hati, na mjukuu akaisoma na kuifuata baada ya miaka ishirini.

Kwanza, tengenezeni folda moja na muiite hati. Ndani yake wekeni picha za karatasi zote, kila moja kwa jina linaloeleweka, kwa mfano cheti-cha-ndoa au hati-ya-shamba-kinondo. Msiache majina ya namba yanayotolewa na simu, kwani siku ya haja hakuna atakayejua picha ipi ni ipi. Kila picha ikuzwe na kusomwa: je, nambari, tarehe, muhuri na majina yaonekana? Isiyosomeka ipigwe upya mchana, penye mwanga, karatasi ikiwa imelala sawasawa.

Pili, fungueni dirisha la amri mahali folda hiyo ilipo. Katika Windows, ingieni pale folda ya hati inapoonekana, bofyeni juu palipoandikwa njia ya folda, andikeni cmd, kisha bonyezeni Enter. Kisha andikeni:

tar -cvf hati-muharram.tar hati

Herufi c ndiyo inayoamuru furushi liundwe. Herufi v hukuonyesheni jina la kila faili linapoingia. Herufi f hueleza kwamba neno linalofuata ni jina la furushi. Neno la mwisho ni folda inayofungwa. Sisi tumelipa furushi jina la mwezi wa Muharram, kwa kuwa mwanzo wa mwaka ni wakati mzuri wa kazi hii, nanyi mwaweza kuchagua mwingine.

Hapa pana hadhari kubwa. Jina la furushi jipya ndilo litangulie baada ya f, na vinavyofungwa vifuate. Mtu akigeuza, akaweka mwanzo jina la picha ya hati, tar itadhani hilo ndilo furushi jipya, nayo itaandika juu ya picha ile bila kuuliza, na picha itakuwa imekwenda. Amri isomwe mara mbili kabla ya kubonyeza Enter.

Tatu, tazameni kilichomo bila kufungua:

tar -tvf hati-muharram.tar

Herufi t huorodhesha. Mtaona majina yote pamoja na ukubwa wa kila faili. Yahesabuni. Kama folda ilikuwa na picha arobaini, orodha nayo iwe na picha arobaini.

Wengi husimama hapa, wakachukua furushi, wakalitia katika flashi na kuifungia kabatini. Wamefanya kazi ya Hisham kabla ya kuulizwa na baba yake. Orodha ya yaliyomo si yaliyomo. Iliyobaki ndiyo sehemu yenye uzito, nayo ni kurejesha.

Nne, basi, linakilini furushi katika flashi, kisha lirejesheni kutoka kwenye flashi hiyo. Iwezekanapo, fanyeni hivyo katika kompyuta nyingine, ya jirani au ya madrasa, kwani siku ya msiba ile ya kwanza huenda isiwepo. Undeni folda tupu kwa ajili ya jaribio, mfungue ndani yake:

mkdir jaribio

tar -xvf hati-muharram.tar -C jaribio

Herufi x ndiyo ya kufungua, na C kubwa hueleza mahali pa kumimina vilivyomo. Folda tupu ina sababu yake. Tar ikikuta faili lenye jina lile lile mahali inapofungulia, huliondoa na kuweka la furushini. Mtu aliyerekebisha wasia wake wiki iliyopita, kisha akafungua furushi la mwaka jana juu ya folda ile ile, atakuwa amerudisha wasia wa kale na kuupoteza mpya. Jaribio lote lifanyike pembeni, mbali na asili.

Tano, linganisheni. Katika Linux na Apple, folda ya asili na ile ya jaribio zikiwa pamoja katika kompyuta moja, amri hii hulinganisha kila faili na mwenziwe:

diff -r hati jaribio/hati

Kama vyote ni sawa, haitasema neno lolote, na kimya hicho ndicho jibu mnalolitaka. Ikitofautiana hata herufi moja, itataja faili husika. Kwa wenye Windows, linganisheni idadi na ukubwa wa mafaili, kisha fungueni picha moja moja mzisome kwa macho yenu. Kwa kweli hata mwenye Linux asiache kufungua picha kadhaa na kuzisoma, kwani kompyuta yaweza kuthibitisha kwamba nakala ni sawa na asili, lakini haiwezi kukwambia kwamba asili yenyewe ilipigwa kizani.

Ipo pia alama ambayo ni kama ya kidole cha furushi zima. Katika Linux huandikwa sha256sum hati-muharram.tar, na katika Windows huandikwa certutil -hashfile hati-muharram.tar SHA256. Hutoka mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Mwandike mfuatano huo katika daftari la kasha. Mwakani mkirudia amri hiyo juu ya furushi lililoko kwenye flashi, na mfuatano ukawa ule ule, jueni furushi halikubadilika. Ukitofautiana, furushi limeharibika au limeguswa, na ndipo mtakapoifurahia nakala ya pili.

Tuna masuala matatu ambayo twajua yataulizwa.

La kwanza ni kubana. Tar yenyewe hufunga tu, haipunguzi ukubwa. Ukiongeza herufi z katika amri ya kuunda, furushi hubanwa likawa dogo. Sisi hatuipendekezi kwa hati za familia. Picha za simu zimekwisha kubanwa tangu zilipopigwa, kwa hiyo faida ni ndogo. Na madhara yapo: furushi lililobanwa likipata doa moja katikati, huenda yote yaliyo baada ya doa yasifunguke, ambapo lisilobanwa hupoteza kile kilichoguswa na mengi ya mengine yakaokolewa. Jambo jingine la kuangalia ni flashi zenyewe, kwani nyingi hupangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalofikia gigabaiti 4. Hati hazifiki huko, bali video za harusi hufika, nazo zifungwe peke yake.

La pili ni siri. Tar si kufuli. Anayeokota flashi yenu ataweza kufungua furushi na kuona kitambulisho, nambari ya shamba, na pengine karatasi ya talaka ambayo mwenyewe hakutaka ijulikane. Kusitiri ni katika adabu za Kiislamu. Flashi iwekwe mahali pa kufungwa, na anayepewa kuitunza awe mwaminifu kwa kiwango kile kile ambacho mngempa hati yenyewe. Na picha hizi zisiachwe ndani ya kompyuta ya duka la intaneti.

La tatu ni kama picha hutosha mbele ya sheria. Haitoshi, na asije mtu akachoma karatasi kwa kuwa ana flashi. Asili hubaki asili. Lakini anayejua nambari ya hati, tarehe na ofisi iliyoitoa ana mahali pa kuanzia anapokwenda kuomba nakala iliyothibitishwa, na asiyejua chochote huanza kizani. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 170, imezipa mahakama za Kadhi mamlaka ya kuamua mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu wanaokubali kufika mbele yake. Mjane anayesimama huko akiulizwa aliolewa lini, wapi, na nani walikuwa mashahidi, hujibu kwa nguvu zaidi akiwa na waraka mkononi. Twajua kwamba mashemeji wengi ni watu wema. Twajua pia kwamba ardhi ya Diani, tangu ilipopanda thamani, imewabadilisha baadhi ya watu nyoyo.

Sasa nakala zikae wapi? Wenye ujuzi wana kanuni inayokumbukwa kwa urahisi: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati yake iwe mbali na nyumba. Kwa familia yetu hii yaweza kuwa hivi. Ya kwanza iko ndani ya kompyuta. Ya pili iko kwenye flashi kashani. Ya tatu iko kwa dada aliyeolewa Mombasa, au kwa kaka anayefanya kazi Muscat. Moto wa Ukunda hauwezi kufika Muscat. Na flashi isiachwe miaka mitano bila kuguswa, kwani nayo huzeeka. Kila mwaka ichomekwe, furushi lifunguliwe, lilinganishwe, na zile karatasi mpya za mwaka huo ziongezwe katika furushi jipya. Furushi la mwaka uliopita lisifutwe mpaka jipya liwe limejaribiwa.

Lililobaki ni la mtu, si la chombo. Nakala iliyo salama ambayo hakuna ajuaye ilipo ni sawa na iliyopotea. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba Muislamu mwenye jambo la kuusia asilale siku mbili ila wasia wake umeandikwa kwake. Basi katika wasia huo litiwe sharti jingine: itajwe flashi ilipo, furushi laitwaje, na ni nani katika familia ajuaye kulifungua. Na ajuaye asiwe mmoja. Binti wa kidato cha pili afundishwe, na mama yake afundishwe pamoja naye, waketi jioni moja baada ya Isha, daftari likiwa mbele yao. Kisha binti aondoke mezani, mama afungue furushi peke yake. Akiweza, nyumba hiyo imepata mtunzaji. Asipoweza, warudie, kwani ni bora kushindwa jioni ya utulivu kuliko kushindwa katika siku arobaini za msiba.

Twawaomba pia wasimamizi wa misikiti na madrasa za Kwale mjini, Kinondo, Msambweni, Shimoni na Lunga Lunga wafanye hivyo hivyo kwa hati za wakfu, madaftari ya ndoa na orodha za wanafunzi. Wakfu ambao waraka wake umepotea hauna wa kuutetea ila kumbukumbu za wazee, na wazee kila mwaka hutuaga. Panapo msikiti wenye kijana anayejua kompyuta, apewe kazi hiyo kwa barua, apewe mwenziwe wa kumshuhudia, na siku ya kurejesha na kulinganisha iwe mbele ya kamati, ili kila mmoja aone kwa macho yake kwamba amana yafunguka.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuhifadhie dini yetu, nyumba zetu na haki za wanyonge wetu, atujaalie kuwa watunzaji wa amana, na awarehemu waliotutangulia walioandika kwa taa ya mafuta ili sisi tusome. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.